Shavu la Dirishani

Biju, mpiga picha wa Ibra, mtu wa maneno machache,
alimgeuza Thuweni kidevu, kushoto, kulia,
akafuta lenzi kwa pindo la shati, akafuta tena,
kisha akasema kwa Kiarabu chake cha kubahatisha:
"Bwana, uso wako una watu wawili."

Tukacheka. Picha ya kitambulisho ilipotoka
sikucheka tena.
Kulia, mume wangu, yule ninayemjua,
makovu mawili ya tetekuwanga, basi.
Kushoto, mtu wa kumwamkia shikamoo:
mikunjo toka jichoni hadi sikioni,
baka la kahawia,
ngozi imelegea kama lastiki ya gagulo la zamani.

Miaka ishirini na mitatu
nimekaa upande wake wa kulia.
Jumatano soko la wanawake, hapahapa Ibra,
Alhamisi Sinaw, tuwahi kabla ya mnada wa mbuzi,
marobota ya kanga nyuma ya pikapu,
mimi na chupa ya kahawa mapajani,
yeye na usukani,
kioo kimepandishwa kwa ajili ya kiyoyozi.
Kimepandishwa! Ndiyo maana hatukushuku kitu.

Binti yetu Ghaniya, muuguzi wa ngozi huko Maskati,
alinieleza kwa simu:
Mama, jua ni mawili.
Lipo linalounguza, hilo kioo hulizuia.
Na lipo lisilosema. Hilo hupita kiooni
kama mgeni mwenye ufunguo,
halikuumizi, linashuka chini
kukata nyuzi zinazoshika ngozi, mojamoja,
miaka.
Umri nao una kazi yake, na hauna dawa,
lakini umri ungegawa sawa kwa sawa.
Kilichozidi kushoto ni jua.

Mimi, kuelezwa habari za nyuzi!
Mimi niliyemwonya kila msichana aliyenisaidia kuuza:
usitundike doti mlangoni zaidi ya siku tatu,
upande wa barabara utapauka,
mteja akiikunjua ataona mstari,
na hata uifue kwa maji ya waridi haitarudi.
Nikayajua hayo kwa pamba,
nisiyajue kwa mume.

Basi sasa mna tyubu ndani ya gari.
Ghaniya anataka krimu ya urefu wa vidole viwili,
uso, shingo, masikio msiyasahau,
na tena baada ya adhuhuri.
Thuweni analalamika kwamba ananuka nazi.
Ameambiwa aache sigara; ameacha, nikiwepo.
Na jirani yangu wa sokoni, anayeuza chini ya meza
vikopo vya kung'arisha visivyo na jina,
alinipa kimoja bure: "Mpake kushoto, atalingana."
Nilimrudishia. Zebaki si urembo,
na sitaki mume aliyechuja.

Ujana ni moshi, ukienda haurudi.
Wetu, naona, ulitokea dirishani.

Jana usiku nilikuwa nafuta wanja mbele ya kioo
nikageuka kutafuta pamba.
Hapo nikaona.
Shavu langu la kulia, lile la upande wa mlango wangu,
lina baka kama lake, mikunjo kama yake,
Alhamisi zote za Sinaw zimejiandika humo
na hakuna aliyeniambia,
maana yeye pia, miaka yote,
amekuwa akiniona kushoto.

Sikumwita. Alikuja mwenyewe kutafuta miwani.
Nikamshika kidevu, kama alivyofanya Biju,
nikamgeuzia kwangu.
Watu wakikabiliana uso kwa uso
kushoto kwake huwa kulia kwangu.
Yakakutana, yale mashavu ya barabarani,
makavu kidogo, yananuka nazi.
"Kuna nini?" akauliza.
Nikamwambia nyamaza, nalinganisha kitambaa.